Mchana Mzima Mezani: Mwongozo kwa Mgeni wa Provence

Anza kwa kufuta ratiba. Kama umefika kusini mwa Ufaransa mwezi wa Julai au Agosti ukiwa na orodha ya makumbusho, makanisa na ngome za kuzimaliza kwa siku moja, ikunje uitie mfukoni. Kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, na mara nyingi zaidi ya hapo, maduka ya vijijini yamefungwa, posta imefungwa, fundi wa magari ameteremsha mlango wake wa bati. Wote wanakula. Anayezurura saa saba kwenye jua lile, nyenje wakimpigia kelele kutoka kila mti, hana pa kwenda ila mezani. Basi nenda mezani.

Nenda mapema. Saa sita na nusu ndiyo saa yenyewe. Ukifika saa nane na robo, mpishi ameshavua aproni, na hata ulie hapiki. Pia uende na njaa ya haki: asubuhi kunywa kahawa, kata kipande cha mkate, uishie hapo. Mlo unaokungoja una hatua nne au tano, na ni aibu kuishiwa nguvu kwenye ya pili.

Ukiingia, sema bonjour kabla ya kutaja meza wala idadi yenu. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo na hodi hatuhitaji kufundishwa hili, lakini nimeona wageni wengi wakianza na shida zao, kisha wakilalamika kwamba Wafaransa ni wakali.

Chagua mgahawa kwa kutazama ubao wake. Ubao mfupi ulioandikwa kwa chaki, vyakula vitatu vinne, ni dalili njema: mwenye mgahawa amekwenda sokoni leo. Orodha yenye kurasa kumi na picha za rangi, geuka, usione haya. Kwenye ubao agiza sahani ya siku, plat du jour. Ni bei nafuu, na jiko zima limeipania tangu asubuhi. Pamoja nayo omba carafe, jagi la kioo, la maji ya bomba. Maji hayo na mkate havilipiwi, na malipo ya huduma yamo tayari ndani ya bei uliyoiona ubaoni. Usiyekunywa mvinyo, agiza sharubati ya nanaa kwa maji baridi, kinywaji cha kijani ambacho hata watu wazima wa huko hunywa bila kujitetea. Usiyekula nguruwe, uliza mapema na uulize kila sahani, maana vipande vidogo hujificha kwenye saladi na kwenye tati za mayai.

Cha kwanza mezani, kwa msimu ule, kiwe tikiti la Cavaillon, lile dogo la mviringo lenye nyama ya rangi ya chungwa. Mwaka 1864 mji huo ulimwomba mwandishi Alexandre Dumas vitabu kwa ajili ya maktaba yake. Akakubali, kwa sharti kwamba apelekewe matikiti kumi na mawili kila mwaka maisha yake yote. Onja moja lililoiva sawasawa utaona kwamba alijua kupatana bei.

Ikiwa ni Ijumaa, tafuta aïoli, na hapa naomba usiharakishe. Kitunguu saumu hutwangwa na chumvi kwenye kinu cha jiwe mpaka kiwe uji. Huongezwa kiini cha yai, kisha mafuta ya zeituni tone kwa tone, mchi ukizunguka upande uleule bila kupumzika, hadi mchuzi unakuwa mzito kiasi cha mchi kusimama wenyewe katikati. Ndipo huletwa sinia: samaki wa chumvi aliyelowekwa tangu jana yake, viazi, karoti, maharage mabichi, mayai ya kuchemsha, vyote vya uvuguvugu, vyote vikisubiri kuchovywa. Kiangazi vijiji vingi hupanga meza ndefu uwanjani chini ya miti, na kijiji kizima hukaa kula aïoli pamoja. Ukikuta tangazo lake limebandikwa kwenye mlango wa duka la mikate, nunua tiketi siku hiyohiyo.

Jibini huja kabla ya kitamutamu. Ukiona Banon, chukua. Ni jibini ya maziwa ya mbuzi, duara ndogo iliyofungwa kwa majani makavu ya chestnut na kukazwa kwa ukambaa. Fungua ukambaa, bandua majani moja moja. Ikiwa imeiva, ndani utaikuta laini ya kuchotwa kwa kijiko. Kahawa huja mwisho kabisa, peke yake, kitamutamu kikishaondolewa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Bili haiji mpaka uiombe. Mhudumu hajakusahau, anakuachia meza. Mwaka 2010 UNESCO iliuweka mlo wa pamoja wa Wafaransa kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na kilichoorodheshwa ni desturi nzima ya kukusanyika, kupangilia vyakula na kuzungumza juu yake. Sheria zao za kazi kwa muda mrefu zilikataza mtu kula kwenye meza yake ya kazi, na katazo hilo lililegezwa wakati wa Korona. Hata likizo yao waliipigania: migomo mikubwa ya mwaka 1936 ndiyo iliyowapatia wafanyakazi majuma mawili ya kulipwa, na tangu 1982 yamekuwa matano. Kwa hiyo kaa. Zima simu. Muulize mwenzako jambo ambalo hujawahi kupata nafasi ya kumuuliza, umwache alimalize. Watoto wakae pia, wapewe wanachokula wakubwa, wasikie mazungumzo ya wakubwa.

Mkiinuka saa kumi kasorobo, lala. Hujapoteza siku: mwezi wa Julai jua huzama baada ya saa tatu usiku, na ngome uliyoiacha asubuhi inapendeza zaidi jioni. Chakula cha usiku kiwe nyanya, chumvi na mkate.

Jihadhari na Jumatatu, siku ambayo migahawa mingi hufungwa. Jumapili asubuhi nenda soko la L'Isle-sur-la-Sorgue kabla wauzaji hawajakunja meza, ununue zeituni, jibini, pichi na kuku wa kuokwa. Mkate utanunua Jumatatu yenyewe, maana wa jana umeshakauka. Tandika mkeka kando ya mto saa sita na nusu, ule kwa mpangilio uleule, jibini kabla ya pichi, na kisu ukibebe kwenye begi, sio mfukoni.