Kadi Imependeza, Namba Haisomeki

Msimu wa michango umefika, na kadi zinaingia nyumbani kwangu kuliko hodi. Kuchanga sina ugomvi nako. Asiyechangia harusi za wenzake, siku akimwoza binti yake atakula pilau peke yake. Ugomvi wangu mimi ni na herufi.

Chukua kadi hii iliyoletwa na jirani. Ina rangi ya dhahabu, ina utepe, inanukia marashi. Jina la bibi harusi limeandikwa kwa herufi zilizojipinda, na mkia wa herufi ya kwanza umeteremka, ukapita chini ya jina la bwana harusi, ukaenda kuzunguka ua lililochorwa pembeni. Hapo sina neno, siku ni yao. Lakini mtengenezaji hakujua pa kuishia. Tarehe ya mwisho ya kuleta mchango nayo imejipinda. Namba ya simu ya mweka hazina nayo imejipinda: moja yake ni kama saba, saba yake ni kama moja. Mke wangu anasema hii ni saba. Mimi nasema ni moja. Kuna mtu mahali fulani, hatumjui wala hatudai, atapokea elfu hamsini yetu, amshukuru Mungu, kisha azime simu.

Juu kabisa neno FAMILIA limeandikwa kwa herufi kubwa tupu za mwandiko huo huo. Herufi kubwa za namna hii huchorwa zitangulie, nyuma yake zifuate ndogo. Ukizipanga saba mfululizo zinagombania nafasi, mikia inapitana, na msomaji anabaki kukisia.

Nikamfuata kijana wa steshenari aliyeitengeneza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee namba hii."

Akaiinamia kadi, akaigeuza kwenye mwanga, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Mwisho akafungua kompyuta kutafuta faili. Aliyeiandika mwenyewe imemshinda!

"Lakini mzee, bila mbwembwe kadi haina mvuto."

Nikamwambia mvuto unaotakiwa hapa ni wa kuvuta pesa mifukoni mwa watu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba herufi zenyewe hazina kosa. Kila moja ina kwao na ina shughuli iliyochorewa. Hizi za harusi, kwa mfano, mojawapo inaitwa Edwardian Script. Aliichora Mmarekani Ed Benguiat mwaka 1994 akifuata mwandiko wa kalamu ya chuma yenye ncha: ukikandamiza, mstari unanenepa, ukilegeza, unakonda. Ni mwandiko wa heshima kabisa, wa kuandikia jina la mtu polepole. Kuiandikia namba ya simu ni kuionea.

Sasa njoo msibani. Mtaani kwetu ameondoka mzee mmoja, mtu mkali, aliyesuluhisha kesi za mipaka ya viwanja kwa kukohoa tu. Bango la mazishi likatundikwa getini: picha yake akiwa na koti na tai, na chini yake PUMZIKA KWA AMANI kwa fonti ya Comic Sans. Fonti hiyo aliichora Vincent Connare wa Microsoft mwaka 1994. Alikuwa ameona programu moja ambamo mbwa wa katuni anazungumza, na maneno yake yameandikwa kwa Times New Roman, herufi za magazeti. Akaona mbwa huyo hawezi kuzungumza rasmi kiasi hicho, akamchorea herufi za vitabu vya katuni. Yaani Mmarekani alimwonea huruma mbwa, akamtafutia herufi zinazomfaa. Sisi mzee wetu tumemuaga kwa herufi za mbwa.

Maduka ya dawa za asili, saluni na wauza juisi ya miwa wao wamekubaliana kuhusu Papyrus, ile yenye kingo zilizomomonyoka. Ilichorwa na Chris Costello mwaka 1982, kijana wa miaka 23, kwa mkono, kwa muda wa miezi sita. Aliwaza Kiingereza kingeonekanaje kama kingeandikwa kwenye mafunjo miaka 2,000 iliyopita. Wazo zuri. Lakini juisi ya miwa imekamuliwa asubuhi hii, maandishi ya zama za Yesu yanaihusu nini? Hata hivyo tusijilaumu sana. Filamu ya Avatar ya mwaka 2009, iliyomeza mamilioni ya dola, ilitumia herufi za ukoo huo huo kwenye jina lake, na mwaka 2017 wachekeshaji wa televisheni ya Marekani wakaifanyia igizo zima la malalamiko. Kumbe wanaolalamika tuko wengi.

Zipo na zile zinazoitwa herufi za "Kiafrika". Unazijua: nene, zimechongoka, zimekaa kama zimekatwa kwa panga. Ziko kwenye mabango ya safari, kwenye majalada ya vitabu vya tembo, kwenye fulana za watalii. Basi mama yao ni Neuland, iliyotolewa mwaka 1923 na Rudolf Koch, Mjerumani, kwa kiwanda cha herufi cha Klingspor mjini Offenbach. Ukali wake unatokana na yeye kuzichonga moja kwa moja kwenye chuma bila kuchora kwanza. Hapakuwa na mbuyu wala simba pale Offenbach. Herufi hizo hizo zikaja kuandikia jina la Jurassic Park, filamu ya dinosaria ya mwaka 1993. Kwa mpangilio huo, sisi na dinosaria tunakaa mtaa mmoja. Na ile Algerian inayopendwa na wenye hoteli na kumbi ilitoka Uingereza, kwa kampuni ya Stephenson Blake ya Sheffield.

Kubwa kuliko zote ni vyeti vya mahafali ya chekechea. Vimeandikwa kwa zile herufi nyeusi zenye pembe, ndugu wa zile alizopigia chapa Biblia Gutenberg kule Mainz, Ujerumani, katika miaka ya 1450, akiiga mkono wa waandishi wa vitabu vya kanisa. Mtoto amehitimu a, e, i, o, u, amevaa joho, mama yake analia kwa furaha, halafu anakabidhiwa cheti ambacho mwalimu mkuu anakisoma kwa kukumbuka tu kilichoandikwa.

Wenye steshenari wataniambia mapambo ndiyo sanaa. Sawa, nani amekataa? Lakini herufi za mbwembwe ziliposhamiri London mwanzoni mwa karne ya 19, zilinenepeshwa kwa ajili ya mabango ya bahati nasibu na ya biashara, ili mpita njia azisome akiwa ng'ambo ya barabara. Mmarekani Darius Wells akaanza mwaka 1827 kutengeneza herufi za mbao kwa mashine, kwa kuwa herufi kubwa za risasi zilikuwa nzito na ghali. Shida yote hiyo ilikuwa ya kumfikia msomaji aliye mbali. Mimi kadi ninayo mkononi na haijanifikia.

Na wala hatuna haja ya kwenda London kujifunza. Itazame kanga. Pindo limejaa, mji umejaa, kuna maua, kuna korosho, kuna rangi za kugombana. Ukifika kwenye jina, fujo yote inakoma: herufi kubwa, zilizonyooka, ndani ya kisanduku chake. Mwenye kanga anataka jirani aliyemkusudia alisome akiwa uani kwake, alielewe, na usingizi wake uharibike. Huo ndio utaalamu.

Basi vijana wangu wa steshenari, nawaomba. Majina ya maharusi yapambeni mpaka mchoke. Ukumbi, tarehe na namba ya mweka hazina viandikeni wima na vikubwa. Bango la marehemu lipeni herufi zenye heshima zake. Nanyi wanakamati, kabla ya kuchapa kadi mia tatu, mpeni moja babu aliyesahau miwani aisome kwa sauti. Ikimshinda, irudisheni. Mimi kwa upande wangu, namba nisiyoweza kuisoma siitumii pesa.