Nazi Haina Leseni

Bandarini, serikali ililitazama gari langu ikanitoza kodi ya uchakavu. Majirani walipoliona likikata kona kuingia mtaani walinipa hongera ya gari jipya. Kati ya maoni hayo mawili nilichagua la majirani, maana halikuwa na risiti.

Ni Toyota IST nyeupe, iliyokwisha kumtumikia mtu huko Japani kwa muda ambao sikuuliza. Lakini ina namba E, na Dar es Salaam namba ndiyo umri. Gari la mwaka 2005 lenye namba E ni kijana. La mwaka 2010 lenye namba C ni mzee wa kupishwa kiti. Redio yake imezoea masafa ya kwao, inaishia megahezi 90, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa nyumbani haizijui kabisa. Na kila ukiliwasha, mwanamke fulani ndani ya dashibodi hutoa tangazo la Kijapani kwa sauti ya upole sana. Tangazo halijawahi kubadilika, kwa hiyo nadhani bado anasubiri jibu.

Nililikatia bima kubwa. Sheria, ile ya Sura ya 169, inamtaka kila mwenye gari awe angalau na bima ya mtu wa tatu, yaani bima ndogo, ambayo kwa gari la kutembelea wakati ule ilikuwa shilingi 118,000 pamoja na VAT. Hiyo humlipa uliyemgonga. Wewe na bampa lako mnabaki mkitazamana. Bima kubwa hulipa hata gari lako mwenyewe, kwa ada ya asilimia 3.5 ya thamani yake. Kijana wa bima alilithaminisha gari milioni 13, akapata 455,000, akaongeza VAT ya asilimia 18, ikawa 536,900. Nilipoguna akaniambia, "Bosi, kwa hela hiyo wewe lala." Nikalala.

Kwetu gari halijanunuliwa mpaka shangazi aliguse. Shangazi anaishi upande wa Bagamoyo, kwenye shamba la minazi alilorithi kwa babu. Aliligusa, akaliombea dua, akamsikiliza yule mwanamke wa dashibodi mpaka mwisho, kisha akamwitikia, "Marahaba, mwanangu." Halafu akaniamuru nilisogeze kivulini, lisije likababuka kwa jua. Kivuli chenyewe kilikuwa cha mnazi.

Tulikuwa barazani, chai haijapoa, tuliposikia kishindo. Nazi ilianzia kwenye boneti, ikadunda, ikapiga kioo cha mbele, ikateremka taratibu na kujiegemeza kwenye waipa. Boneti ilibonyea pakapatikana mahali pa kuwekea bakuli. Kioo kilichanika nyufa kila upande lakini hakikumwagika, maana vioo vya mbele vina utando wa plastiki katikati. Gari lilikuwa limezimwa, kwa hiyo yule mwanamke wa Kijapani hakusema kitu. Shangazi alisema kwa niaba yake. Kwanza alimshukuru Mungu kwamba hatukuwa ndani. Kisha akaiokota nazi, akaitikisa sikioni, akasema, "Imekomaa vizuri."

Nikampigia kijana wa bima.

"Pole sana, bosi. Mmegongana na nani?"

"Na nazi."

Kimya. Kisha, "Lori la nazi?"

"Nazi moja. Imeanguka kutoka mnazini."

"Sawa. Hapo nenda polisi, utuletee PF 90."

Afande niliyemkuta kituoni alikuwa mtu mwema, na ninalisema hilo kwa dhati, kwa sababu wengine wangenifukuza. Alichukua simu yake, akaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, akaona bima yangu iko hai. "Upande wako uko sawa," akasema, kana kwamba sasa tumebakiza kuihoji nazi. Fomu mbele yake ilikuwa na nafasi ya gari la kwanza na gari la pili, dereva wa kwanza na dereva wa pili, leseni ya huyu na leseni ya yule.

"Dereva alikuwa nani?"

"Hakuna, afande. Lilikuwa limeegeshwa."

"Na chombo cha pili?"

"Ni nazi."

"Ilikuwa inatoka wapi?"

"Juu."

"Inaelekea?"

"Chini."

Akaandika yote mawili. Ugumu ulikuja kwenye ramani. Ramani ya ajali huchorwa kama unaangalia kutoka angani: barabara, mishale, kaskazini iko wapi, magari ni vijisanduku. Alichora gari langu. Akachora mnazi, na mnazi ukiutazama kutoka angani ni duara. Akataka kuchora nazi, na nazi nayo kutoka angani iko palepale ndani ya duara, kabla ya ajali na baada ya ajali. Mchoro ukawa unaonyesha sanduku lililotulia chini ya duara, hali ambayo haijawahi kumuumiza mtu yeyote. Afande aliutazama kwa muda, akageuza karatasi, akairudisha. Mwishowe aliandika pembeni kwa herufi kubwa: UELEKEO, CHINI.

Kisha gari likakaguliwa, kwa kuwa baada ya ajali lazima gari likaguliwe. Mkaguzi alikanyaga breki, akapiga honi, akawasha indiketa za kulia na kushoto, akathibitisha kwamba gari halikuwa na hitilafu iliyosababisha ajali. Hilo lilinifariji. Mnazi haukukaguliwa na mtu.

Ofisi ya bima nilipewa fomu nyingine, na nyingi kati ya hizi fomu huandikwa na watu wanaoamini kwamba duniani hakuna kinachotokea mpaka wawili wagombane. Eleza ajali kwa maneno yako mwenyewe: mistari miwili. Mwendo wako wakati wa ajali. Mwendo wa mwenzako. Je, ulikiri kosa mbele ya mhusika mwingine? Nikaandika kwamba sikukiri chochote mbele ya nazi. Dada wa dawati la madai aliisoma, akainua macho, akaniuliza kama kuna uwezekano hii ikawa kudra ya Mungu. Nikamwambia kwetu kila kitu ni kudra ya Mungu, ukiwemo mwendo wa bodaboda. Akaufungua mkataba wangu kwenye ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Palikuwa na vita, ghasia, mafuriko na tetemeko la ardhi, baadhi yake ukiongeza hela yanahamia kwenye yanayolipwa. Nazi haikuwamo. Wenye kuandika mikataba hii, nadhani, wanaishi ghorofani.

Basi wakamleta asesa. Sijui ni bahati au mkosi, lakini alikuwa mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga huwezi kumdanganya juu ya nazi. Alilizunguka gari akipiga picha, akaingiza ngumi yake kwenye boneti kupima kina, halafu akaniuliza swali ambalo polisi hakulifikiria.

"Lilikuwa dafu, koroma au nazi?"

Nikamwuliza kuna tofauti gani, boneti imeshabonyea. Akanitazama kwa huruma. Dafu, akasema, halianguki lenyewe. Dafu huanguliwa. Likishuka dafu, juu yuko mkwezi, na mkwezi ni mtu, ana jina, na bima ikishanilipa mimi inarithi haki yangu ya kumdai yeye. Nazi kavu ni habari nyingine. Hiyo hushuka siku ikiamua.

Nikamfikiria mkwezi wa shangazi. Mali zake ninazozifahamu ni panga, kamba na daftari la madeni la duka la jirani, ambalo jina lake limo kila ukurasa. Nikamwambia asesa kwamba siku ile hakuna aliyekwea.

"Naamini," akasema. "Lakini niionyeshe hiyo nazi."

Nikampigia shangazi, nikaweka spika.

"Shikamoo, shangazi. Ile nazi iko wapi?"

"Nazi ipi, baba? Ile uliyoila na wali?"

Asesa alifunga kalamu yake. Nilianza kueleza kwamba samaki wa siku ile alikuwa changu, kwamba mtu mwenye huzuni hukubali kila anachopakuliwa, kwamba hakuna mahali kwenye mkataba palipokataza. Kielelezo pekee cha kesi yetu kilikuwa kimefuliwa, kimevunjwa, kimekunwa na kukamuliwa, na makumbi yake yameshawashia moto. Asesa aliniinulia mkono ninyamaze. Akainama kwenye simu.

"Mama, shikamoo. Tui lake lilikuwa zito?"

"Marahaba. Zito, mwanangu. La kwanza na la pili."

"Basi ilikuwa nazi," akasema, na akaandika.

Ndivyo madai yangu yalivyopita. Nimewaeleza watu wenye shahada hawaniamini, lakini katika faili langu, mahali fulani katikati ya Dar es Salaam, upo ushahidi wa tui.

Kupita si kulipwa. Kwanza ilitolewa eksesi, yaani ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unasema utaibeba mwenyewe, na ambayo kijana wa bima, siku ile aliyoniambia nilale, aliisahau. Kisha dada wa madai akanieleza kwa upole kwamba boneti yangu ilikuwa ya zamani, wakinipa mpya gari litakuwa bora kuliko lilivyokuwa kabla ya ajali, na bima haikuwekwa ili mtu atajirike kwa boneti. Kwa hiyo wanakata uchakavu. Nikamkumbusha kwamba uchakavu nilishaulipia bandarini. Akasema ule ulikuwa wa serikali, huu ni wa kwao. Siku ya kukusanya ada gari lilikuwa na thamani kamili ya milioni 13. Siku ya kutoa hela liliota mvi. Majirani peke yao ndio hawakubadili msimamo.

Kabla ya malipo huja hati ya kusaini, inayosema umeridhika, kwamba malipo haya ni kamili na ya mwisho, na hutarudi tena na dai juu ya jambo hilo. Unasaini kwanza, unaridhika baadaye. Jirani yangu, ambaye ana bima ndogo na ushauri mkubwa, alinisihi niende kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ofisi hiyo ipo kweli na ina kazi ya maana. Lakini nikajiona nikisimama pale kueleza habari ya tui kwa mara nyingine, nikasaini.

Hela ilivyokuwa, ikanipeleka kwa mafundi wa Gerezani. Fundi alilitazama gari akatikisa kichwa kwa uchungu, akataja bei, nikatikisa kichwa mimi, tukakutana njiani. Kioo kilipatikana Ilala, kimetoka Japani na kibandiko cha ukaguzi wa kwao bado kimeng'ang'ania juu katikati, cha gari jingine kabisa. Boneti ilikuwa nyeusi. "Hii ni orijino, bosi," fundi akanihakikishia, "gari lake liligongwa nyuma." Habari za "kesho asubuhi njoo uchukue" msomaji anazijua, sitamchosha nazo. Nitasema tu kwamba alasiri moja nililiona gari langu Kariakoo limepakia matairi mpaka darini, spanaboi yuko usukani, na nilipomsimamisha akasema walikuwa wanasikilizia boneti.

Rangi ndiyo hadithi. Mimi nilijua nyeupe ni moja. Mpiga rangi alinifungulia makopo, akanionyesha nyeupe ya maziwa, ya lulu, ya barafu na nyingine ambayo machoni pangu ilikuwa njano. Akachanganya, akajaribu kwenye kipande cha bati, akakunja uso, akachanganya tena. Gari lilipotoka boneti ilikuwa inapishana na fenda, kidogo tu, kama meno ya bandia yanavyopishana na ya kuzaliwa. Nikalalamika. Fundi akanivuta mkono hadi chini ya mwembe, gari likiwa pale, akaniambia nitazame. Kweli, kivulini haikuonekana tofauti yoyote.

"Umeona?" akasema. "Rangi haina shida, bosi. Shida ni jua. Wewe kila ukiegesha, tafuta mti."

Nilidhani faili limefungwa. Sikujua kwamba siku zile za kumliwaza shangazi nilimweleza zaidi ya nilivyopaswa, nikamsifia bima, nikamwambia hata ile ndogo humlipa mtu wa tatu ambaye mali yake imeharibiwa na gari. Shangazi hasahau. Alinipigia usiku, saa ambazo watu hupiga kwa misiba.

"Ile nazi, baba, iliangukia wapi?"

"Kwenye boneti, shangazi."

"Boneti ya nani?"

Nikakaa kitako. Akaendelea. Ile haikuwa nazi ya kula, ilikuwa ya mbegu, aliikusudia. Nazi iliyoshtuka vile haioti tena, ndiyo maana akaikuna, isipotee bure. Ingeangukia mchangani ingekuwa mche, na mnazi wetu mrefu ukishapandwa huanza kuzaa baada ya miaka sita mpaka minane, kisha unazaa zaidi ya miaka hamsini. Alikuwa ameshamwita mjukuu wake anayesoma sekondari wakapiga hesabu, kwa bei ya nazi ya Bagamoyo mjini, bila kuingiza makuti wala makumbi. Jumla yake ilikuwa inakaribia bei ya IST.

Nikaenda na fomu, kwa kuwa shangazi hakataliwi kwenye simu. Alikaa mkekani akinitajia, mimi nikijaza. Mali iliyoharibiwa: mnazi mmoja, mtarajiwa. Shahidi: mkwezi. Tukafika kwenye jina la dereva aliyesababisha hasara.

"Andika lako."

"Shangazi, gari lilikuwa limesimama."

"Aliyelisimamisha nani?"

Nikamkumbusha kwamba aliyenielekeza pale kivulini ni yeye mwenyewe. Akaichukua fomu, akaisogeza mbali na macho, akaikagua mstari kwa mstari, akanirudishia.

"Andika tu, baba. Hawajaweka nafasi ya aliyeelekeza."