Jangwani kwa Raha Zetu

Kuna wanaodai kwamba mstaafu wa Australia akienda jangwani hajui anachokitafuta. Tuwasamehe. Mzee na mkewe wameshika barabara ya Stuart, zaidi ya kilomita 2,700 kutoka Port Augusta hadi Darwin, ili waonje maisha bila makorokoro. Karavani wanayoikokota ina friji, kiyoyozi, mashine ya kufulia na dishi la setilaiti. Nyumbani zimebaki kuta tu. Kujinyima huko!

Msafiri wa zamani, Ibn Battuta, alifika Kilwa mwaka 1331 bila hata jokofu, maskini, sijui maziwa yake aliyaweka wapi. Burke na Wills, waliotoka Melbourne mwaka 1860 kulivuka bara, angalau walijitahidi: waliondoka na meza ya mwaloni na viti vyake. Mwaka uliofuata wakafia huko huko. Bila shaka kilichowaponza ni kukosa mashine ya kahawa.

Lakini utamu wenyewe ni jioni. Jangwa lote lile, tupu mpaka macho yachoke, na karavani zote zimebanana kambini, mlango kwa mlango. Mzee anarudi kinyumenyume, shingo nje ya dirisha. Mkewe anapunga mikono yote miwili.

“Kushoto! Kushoto kwako, si kwangu!”

Majirani wa pande zote wanatoa ushauri, na upweke uliosafiriwa unaanza rasmi. Viti vinakunjuliwa, migongo kwa machweo, kwa sababu dishi limeshashika mawimbi na kwenye runinga kuna kipindi kizuri sana kuhusu jangwa.