Mashavu Rangi ya Strungi

Mweka Hazina alikufa siku ya tatu. Nimekuwa katika vyama vinne tangu nihamie Nairobi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona mweka hazina akiondoka na pesa zikabaki. Nilimkuta asubuhi ya Jumanne akielea ubavu, jicho moja likitazama mabati ya dari kana kwamba kuna swali alilokuwa ameanza kuuliza. Alikuwa samaki wa dhahabu, urefu wa kidole changu cha kati.

Chanzo cha yote ni gego. Nilikwenda kung'olewa kwa daktari wa meno mmoja mwenye ofisi nzuri kuliko nyumba zote nilizowahi kulala, na pale mapokezi palikuwa na tangi la samaki. Nikawatazama wakipita huku na huku bila haraka, bila deni. Moyo ukatulia kabisa, hadi jina langu lilipoitwa. Nilirudi Kawangware na shavu limevimba na wazo moja kichwani: hata chumba cha futi kumi kwa kumi kinastahili utulivu.

Jumamosi ya kwanza ya Agosti 2023 nikashuka Soko la Toi. Pale, mpakani mwa Kibera na Adams, kila kitu kilichowahi kuwa na mwenyewe hupata mwenyewe wa pili, ukiwa na subira ya kufukua. Nikapata tangi la kioo la lita 40, ufa wake umezibwa vizuri, pamoja na pampu ndogo ya hewa na sponji ya kuchujia, vyote kwa shilingi 1,800. Samaki je? Muuzaji akanionyesha kwa kidevu: kuna mzee huko Makina, ulizia tu.

Mzee nilimpata nyuma ya nyumba yake, karibu na reli. Ni Mnubi, wa wale ambao bado huita mtaa huo Kibra, yaani msitu kwa lugha yao, na miti michache ya msitu huo anaikumbuka yeye mwenyewe. Alikuwa na matangi matatu makuukuu na bafu la chuma la enzi za wakoloni, yote yamejaa maji ya kijani kama mrenda. Nilipokuwa nikichagua, garimoshi likapita. Ardhi ikatetemeka, maji yakacheza, mimi nikashika ukuta. Samaki wakaendelea kula. Nikajisemea kimoyomoyo, na naona aibu kuliandika: huyu babu ni mchafu.

Nikachukua watano, shilingi 200 kila mmoja. Nikamwomba mfuko. Akanitazama kama niliyemwomba bunduki. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mfuko wa plastiki ni marufuku Kenya, na faini inaanzia shilingi milioni 2 hadi milioni 4. Sikuona busara ya kuhatarisha milioni 4 kwa samaki wa shilingi 1,000. Akanitilia katika ndoo iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, kisha akachomoa sponji nyeusi, yenye utelezi, kutoka tangi lake moja. "Chukua na hii, kijana wangu. Uiweke ndani."

Nikaipokea kwa mikono miwili, kama nilivyofunzwa nyumbani. Nilipofika stendi ya Adams nikaitupa kwenye pipa na kujifuta vidole kwa karatasi ya tiketi ya zamani.

Katika matatu, makanga alifunua ndoo kidogo. "Hawa ni wa kupika?" Nikasema ni wa kutazama. Mama aliyeketi nyuma yangu akauliza, kwa huruma ya kweli, kama sina televisheni. Kutoka Adams hadi Dagoretti Corner, na kutoka pale tukapinda Barabara ya Naivasha, kila tuta lilininyunyizia maji mapajani. Nilishuka Kawangware nikionekana mtu mzima aliyeshindwa kujizuia.

Niliwapa vyeo badala ya majina, maana ukimpa samaki jina la mtu katika ploti yetu umeanzisha kesi. Mwenyekiti alikuwa yule mnene. Mweka Hazina alikaa pembeni, macho kila upande. Katibu alizungukazunguka kama mwenye kumbukumbu za kusoma. Wawili waliobaki walikuwa wanachama wa kawaida, ambao katika chama chochote ndio wanaolipa.

Na niliwatunza. Maji mengi ya mfereji wa Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, husafishwa Ng'ethu na kutiwa klorini kabla ya kuteremka mjini. Nikamsimamisha mwenye mkokoteni, nikasisitiza maji ya mfereji, si ya kisima, mitungi miwili yenye harufu ya dawa iliyonitia fahari. Mimi mwenyewe wiki hiyo nilikuwa nakunywa ya kisima. Nikayamimina moja kwa moja, samaki ndani. Klorini ile ile inayonikinga mimi na kipindupindu humchoma samaki mashavu, na ingetosha kuyaacha maji wazi kwenye ndoo usiku kucha ipungue. Hilo lilinifikia baadaye, Mweka Hazina akiwa ameshazikwa katika kopo la maua la jirani.

Ploti ikakaa kikao bila kuitwa. Jirani wa mlango wa tatu alisema ni macho ya watu: "Umeweka kitu kinachong'aa dirishani, njia ya kwenda choo. Samaki ana kifua gani cha kubeba macho ya vyumba kumi na sita?" Msimamizi wa ploti hakujali kilichomuua, alitaka kujua pampu inakula stima kiasi gani. Mtoto wa jirani, wa darasa la pili, nilimkamata na chapati mkononi, nikamhoji kwa ukali. Alikiri mara moja. Alikuwa akiwalisha kila akitoka shule, kwa sababu, alivyonieleza, "walikuwa wanafungua mdomo."

Mimi nilishuku kopo la dawa ya mbu. Kwa mara ya kwanza maishani nikasoma maandishi madogo, nikakuta dawa za jamii ya pareto ni sumu kali kwa samaki. Pareto, lile ua jeupe la Nakuru na Kisii ambalo Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa kulizalisha! Nikaacha kupuliza. Mbu wa Kawangware wakaninywa wiki tatu nzima kwa niaba ya samaki wanne.

Halafu ikaja Ijumaa, tarehe 25 Agosti. Mnakumbuka. Karibu saa nne usiku stima ilipotea nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Pampu ikanyamaza. Nilikumbuka habari za mwishoni mwa 2022, jinsi samaki wa kufugwa kwenye vizimba ziwani, upande wa Kisumu, walivyokufa kwa wingi maji yalipoishiwa hewa. Kama Ziwa Victoria linaweza kuishiwa hewa, lita 40 ni nini? Nikatafuta mrija wa soda, nikapiga magoti mbele ya kabati, nikaanza kupuliza. Nilipuliza tangu saa nne hadi jogoo wa Gatina walipowika, nikipumzika kila nikiona nyota. Mara moja jirani alichungulia kwa tochi ya simu, akaniona nimepiga magoti gizani mdomo majini, akafunga mlango polepole. Jumapili yake nilisikia nimeombewa.

Hakufa hata mmoja. Kwa furaha, Jumamosi hiyo nilifanya usafi kuliko Jumamosi zote. Sikubadilisha maji mengi, maana mtungi ulikuwa umepanda bei, lakini mawe na sponji niliviloweka kwenye beseni la jiki, kama kawaida yangu, nikavisugua kwa brashi ya viatu hadi vikanuka hospitali. Tangi liling'aa. Jumatano asubuhi mwanachama wa kwanza alikuwa juu akihema, nikipiga mswaki. Kufikia kutema povu, alikuwa amekata roho.

Hapa niseme kuhusu Mama Samaki. Hukaanga samaki langoni petu: tilapia, mbuta vipande, omena kwa kikombe. Tangu nilete tangi, ploti ilinibandika Baba Samaki, na wageni wakaunganisha majina hayo mawili kwa hesabu yao wenyewe. Mumewe, mwenye bodaboda, aliacha kunisalimia. Basi nilipotoka na maiti kwenye kijiko, nilitazama kwanza kama pikipiki ipo.

"Lete," akasema. "Mimi akifa ni biashara, wewe akifa ni kilio. Lete nione."

Akajifuta mikono kwa leso. Akamlaza yule samaki kiganjani, akainua kifuniko cha shavu kwa ukucha wa kidole gumba, vile vile anavyofanya Gikomba kila alfajiri kabla pesa haijatoka kifuani. Akaleta karibu na jicho. Akanusa.

"Huyu amekufa saa ngapi?"

"Sasa hivi, mama. Hata mswaki haujakauka."

"Basi mashavu yangekuwa mekundu. Tazama." Nikatazama. Yalikuwa ya kahawia, rangi ya strungi iliyosahauliwa kwenye birika. "Hii damu iliharibika mwenyewe akiwa hai. Hata ungemleta na barafu, mimi singemnunua."

Baadhi ya tilapia wake siku hizi hutoka China, na samaki wa dhahabu pia asili yake ni China, walikoanza kufugwa kama miaka elfu moja iliyopita. Kwa hiyo naweza kusema maiti ilichunguzwa mbele ya jamaa. Jioni mwanachama wa pili akafuata, mashavu rangi ile ile.

Jumamosi nilirudi Makina mikono mitupu. Babu alikuwa ameketi kwenye kigoda akiwatupia samaki wake makombo, maji ni mrenda vile vile. Nikamsalimu, nikaeleza kila kitu: maji, macho, chapati, mbu, mrija, jiki. Nilipotaja rangi ya strungi akaacha kutupa makombo.

"Ile sponji niliyokupa iko wapi?"

Nimewahi kuulizwa na hakimu wa mtaa kuhusu mbuzi wa watu, na sikubabaika hivyo. Nikasema niliiweka mahali.

"Uliitupa."

"Niliitupa, babu."

Hakukasirika. Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akanieleza kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Samaki anakojolea maji anayopumua, na sumu nyingine humtoka kwenye mashavu yenyewe. Ule utelezi kwenye sponji ni vijidudu, tena makundi mawili. La kwanza hula ile sumu na kutoa sumu ya pili. La pili hula hiyo ya pili na kutoa kitu kisicho na ubaya mwingi, ambacho majani hukipenda. Kundi la pili ni la wavivu, huchukua wiki nyingi kuongezeka. Likikosekana, ile sumu ya pili huingia kwenye damu na kuigeuza kahawia, na samaki huzama kwenye hewa tele, kama mtu mwenye njaa mbele ya duka lililofungwa.

"Hao ndio wafagizi wako," akasema. "Nilikupa ukoo mzima. Wa kwanza uliwatupa stendi, waliozaliwa baadaye ukawa unawamwagia jiki kila Jumamosi."

Baadaye nilisoma kwamba mwanasayansi Mrusi, Sergei Winogradsky, ndiye aliyewatambua vijidudu hao mwaka 1890. Babu hakuwahi kumsikia, akauliza tu kama alifuga aina gani.

Safari hii sponji niliifunga kwenye kopo lenye maji ya mrenda, nikalipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Masharti yalikuwa haya: nisioshe, nisilishe zaidi ya mara moja kwa siku, maji yalale kwenye ndoo usiku mmoja, na kwa dharura nitie kijiko cha chai cha chumvi, maana chumvi huizuia ile sumu isipenye mashavuni. Mama Samaki alipita nikiwa katikati ya kutia.

"Umeanza chumvi?" akasema. "Basi bado nyanya na kitunguu."

Walibaki wawili, kisha akabaki mmoja. Katibu alitoweka siku ya Mashujaa. Hakuelea wala hakuruka sakafuni. Nilisogeza kabati, nikapekua viatu, nikamtazama paka wa ploti machoni kwa muda mrefu. Hakuna aliyeniambia lolote hadi leo, na kumbukumbu za mikutano, kama kawaida, zilikwenda naye.

Mwenyekiti yupo, amedumu kitini kama wenyeviti wote. Maji yake yameanza kuwa ya kijani. Mawe yamevaa ndevu. Dadangu aliponitembelea Krismasi alikaa dakika tano tu kabla hajakunja mikono na kutafuta beseni, na ilibidi nisimame mbele ya tangi, mikono miwili nimeinyoosha. Hajaelewa. Amewaambia wa nyumbani kuwa mjini nimeharibika.

Juzi Mama Samaki aliingia kunirudishia sufuria. Akainama kwenye kioo, akanyoosha kiganja sambamba na Mwenyekiti, kutoka kidole hadi kifundo cha mkono, akatikisa kichwa polepole.

"Huyu sasa amefika mia mbili hamsini."

Nikamwambia hauzwi.

"Sijasema nanunua," akajibu, akiwa ameshafika mlangoni. "Nimesema amefika."