Hijra ya Hazina: Darsa ya Ustadh Asiye na Kifani

Mabibi na mabwana, maulama wa kompyuta, na nyinyi vijana wa viti vya nyuma ambao adabu ya kuzima simu haijawafikia: nimeombwa, na aliyeniomba ni mimi mwenyewe kwa kuwa sikumwona mwingine mwenye hadhi ya kuniomba, nitoe darsa juu ya elimu ya kuzihamisha hazina kongwe za programu kutoka mifumo ya kale na kuzitia katika Git, elimu ambayo majahili huidhania kuwa ni kubonyeza kitufe kisha kwenda kunywa kahawa.

Kwanza nasaba ya mifumo hiyo, ambayo kazi yake ni kutunza kumbukumbu ya kila badiliko la programu. Mnamo 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs aliasisi SCCS. Mwaka 1982 Walter Tichy wa Purdue akaleta RCS. Dick Grune wa Amsterdam akaanzisha CVS mwaka 1986. Subversion ikatimiza toleo lake la kwanza mwaka 2004. Na mwaka uliofuata Linus Torvalds, baada ya ruhusa ya kutumia bure mfumo wa BitKeeper kuondolewa, akaunda Git. Wote hao nawaheshimu, ijapokuwa hakuna hata mmoja aliyenitaka shauri.

Sasa tegeni masikio. CVS haikulijua badiliko zima. Ilijua faili mojamoja, kila moja na daftari lake na hesabu yake, hata mtu akizirekebisha faili thelathini kwa mara moja, mfumo ulinakili matukio thelathini yasiyojuana. Basi mhamishaji hana budi kukisia: haya yana mwandishi mmoja, maelezo mamoja na saa zinazokaribiana, bila shaka ni ndugu wa tumbo moja, na pale saa ya seva ilipokuwa na maradhi, mtoto huonekana kuzaliwa kabla ya babaye, ikabidi ustadh aingilie kati. Wenye haya huiita kazi hiyo makadirio. Mimi naiita tarikhi, tena nasema bila kificho kwamba tarikhi niliyoitunga mimi ni nadhifu kuliko ile iliyotukia.

Halafu majina. Mifumo ya zamani iliridhika na lakabu ya mtumiaji, mathalan «juma2», ilhali Git hutaka jina kamili na anwani ya barua pepe; kwa hiyo huandikwa orodha ya kumpa kila mwenye lakabu jina lake, kazi ambayo aghlabu hukwama, maana juma2 aliacha kazi zamani na hakuna aliyesalia wa kumkumbuka. Pale ambapo mwenyewe hakujulikana, nimeona ni insafu kuandika jina langu.

Wapo wasemao: chukueni faili za leo, ya kale yazikwe. Hao hawajapata kuamshwa saa nane za usiku kwa ajili ya mstari mmoja wa ajabu, ambao sababu ya kuwekwa kwake imo katika maelezo ya miaka kumi na mitano nyuma na si penginepo. Watazameni wenye GCC, ile programu ya kukusanya msimbo (compiler): walipotoka Subversion kuingia Git, Januari 2020, baada ya majadiliano marefu, walibeba mabadiliko yapatayo 280,000, na chombo walichokitumia, reposurgeon cha Eric Raymond, kilikuwa kizito mno kwa lugha ya Python hata kikalazimika kuandikwa upya kwa Go. Watu wazima walistahimili taabu yote hiyo ili wasipoteze maneno ya wenzao. (Mimi ningaliifanya kwa juma moja, lau wangalinijua.)

Naona mkono huko nyuma. Kijana anauliza kwa nini saraka iliyoitwa «Shahada za Ustadh», iliyokuwapo katika Subversion, haikuonekana tena baada ya hijra. Swali la kitoto. Git, mwanangu, haihifadhi saraka tupu.