Wanaoililia Underground Atlanta

Huko Marekani wapo wanaoililia Underground Atlanta utadhani ni marehemu aliyerogwa na jirani. Jamani! Mtaa ule wa maduka na baa chini ya madaraja ulifunguliwa 1969, ukafa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukafufuliwa 1989 kwa dola milioni 142, ukadhoofika tena, hadi jiji likauuza 2017. Watasema ujenzi wa MARTA, reli ya abiria ya jiji, uliumega. Kweli, lakini huo ni mtaa wa kwanza, ule wa 1969. Wa pili, ule wa 1989, ulikuwa na stesheni kubwa ya reli hiyo, Five Points, ubavuni, na bado waungwana waliwasha magari wakaenda kununua viatu kwenye jengo la maduka la Lenox Square. Anayeulilia leo atuonyeshe kwanza risiti za manunuzi yake.