Yah: Ombi la Ukame wa Meatu Kutambuliwa Rasmi

Kwa Bodi ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi,
Songdo, Incheon, Korea Kusini.

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mkulima wa Meatu, mkoani Simiyu, anawasalimu na kuomba radhi kwa kuchelewesha ushahidi. Ameelezwa kwamba Mfuko hautoi fedha kwa ukame hivi hivi. Sharti ithibitishwe kwamba ukame husika umeletwa na mabadiliko ya tabianchi, siyo ule wa siku zote wa watu maskini, ambao una madirisha yake ya kuombea msaada. Basi ameingia shambani kukagua. Pamba aliyopanda mvua za kwanza zilipodondoka iliota ikakauka. Akarudishia mbegu, nayo ikakauka. Je, mbegu za awamu ya kwanza ziandikwe tabianchi na za pili umaskini? Na yule ng'ombe aliyekufa Septemba aingizwe safu ipi?

Asijione ameonewa peke yake. Aprili 2017 Ethiopia ilileta kwenu ombi la kuwapatia maji watu wa maeneo yanayopigwa na ukame, wanawake wakipewa kipaumbele. Zikazuka hoja kwamba hayo ni maendeleo ya kawaida tu, na ombi likasubiri hadi Oktoba. Simiyu ilikuwa na bahati zaidi. Kikao hicho hicho cha Aprili kiliipitishia ruzuku ya zaidi ya euro milioni 100, kupitia benki ya Ujerumani ya KfW, ili maji ya Ziwa Victoria yavutwe hadi Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Yakafuata mambo ya kitaalamu: mikataba, usanifu, zabuni. Mtoto wa Meatu aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule alimaliza la saba huku kwao wakiendelea kufukua mchanga wa mto uliokauka ili wapate ndoo moja.

Lakini kuchelewa kuna wakubwa wake. Ahadi ya Copenhagen ya mwaka 2009, dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020, ilitimizwa 2022. Mkulima akichelewesha pamba kwa wiki tatu tu, bwana shamba humwita mzembe.

Kuna pia habari ya mikopo. Mwaka 2021 mlipitisha programu ya dola milioni 200 pamoja na Benki ya CRDB, ili wakulima wa Tanzania wapate zana na mbegu za kuhimili tabianchi, sehemu kubwa kwa njia ya mikopo. Mkulima, ambaye mchango wake katika kuchafua anga ni moshi wa mafiga matatu, ameguswa sana kusikia kwamba atakopeshwa, kwa riba, ili ajikinge na moshi wa watu wengine.

Lipo andiko la mradi ambalo huenda halikufika Songdo, kwa sababu Wasukuma hawakuliandika popote. Linaitwa ngitili. Mvua zikianza, kaya au kijiji hutenga kipande cha malisho na mifugo haikanyagi humo. Nyasi hurefuka, visiki huchipua. Kiangazi kikikaza, Julai au Agosti, panafunguliwa kidogo kidogo: ndama, ng'ombe wenye maziwa, na maksai watakaovuta plau. Anayechungia kabla ya wakati hushtakiwa kwenye dagashida, baraza la jadi, na faini yake hailipwi kwa awamu.

Ufyekaji wa misitu ili kufukuza mbung'o na kulima pamba, kisha watu kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970, karibu uumalize utaratibu huo. Mwalimu Nyerere aliiita Shinyanga, ambayo siku hizo ilikuwa na Meatu na Maswa ndani yake, jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu waliingia na vitalu vya miche. Wenyeji wakawaonyesha ngitili. Zilizokuwa zimebaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilishapita hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ukatambuliwa na Mpango wa Ikweta wa Umoja wa Mataifa.

Msije mkasema, basi hawahitaji fedha. Wanazihitaji sana. Ngitili haileti maji ya kunywa, na mashamba yanazidi kuimega kwa sababu nyingi hazina hati. Lambo, mtama wa muda mfupi, hati ya malisho, bwana shamba mwenye pikipiki iliyotiwa mafuta: hayo yote yanagharimu, ila hayajazi ukumbi wa hoteli. Mwaka 2020 IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo, ilionyesha kuwa wakulima wadogo walipata asilimia 1.7 tu ya fedha za tabianchi zilizofuatiliwa duniani. Zilizobaki mnajua nyinyi zilikolala.

Mkulima anaomba majibu kabla ya katikati ya Novemba, maana hapo ndipo pamba inaingia ardhini. Yakichelewa, yaachwe kwa mtendaji wa kijiji. Mwenyewe atakuwa kwenye dagashida, akijibu shtaka la kuingiza ng'ombe kwenye ngitili ya jirani.